Kurasa za mapishi zitupe gramu: aiskrimu ya nyumbani inawezekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe jambo moja ninyi mnaochapisha mapishi: tupeni vipimo vya uzito, na mtueleze sababu zake. Nalisema hili kwa ajili ya aiskrimu. Mapishi yake mengi yanayozunguka magazetini na kwenye simu yanasema "sukari kikombe kimoja", "maziwa ya kutosha", "gandisha hadi iwe tayari". Mtu anayafuata neno kwa neno, anatoa kwenye friza bonge gumu lililojaa punje za barafu, kisha anaamua kwamba aiskrimu ni kazi ya kiwanda. Inasikitisha, maana Uganda imejaliwa kila kitu kinachohitajika: maziwa ya Kiruhura na Mbarara, vanila ya Mukono, Kayunga na Bundibugyo, kahawa ya Bugisu, asali ya West Nile, chumvi ya Katwe, na matunda mwaka mzima.

Tuanze na hicho kikombe. Vikombe vya majumbani havilingani. Kimoja hubeba mililita 200, kingine 300. Cha kwanza kikijaa sukari ni gramu 170 hivi, cha pili gramu 255. Kwenye chai tofauti hiyo utaionja tu. Kwenye aiskrimu inaamua kama itaganda au la, kwa sababu sukari iliyoyeyuka huyazuia maji yasigande yote. Kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri maji matupu huwa jiwe, lakini maji yenye sukari ya kutosha hubaki na sehemu ambayo haijaganda, na sehemu hiyo ndiyo inayoruhusu kijiko kipite. Kwa kilo moja ya mchanganyiko, gramu 150 ni kipimo kizuri. Ukishuka chini ya 120 utahitaji kisu. Ukivuka 200 inabaki teketeke na kuyeyuka kabla haijafika mezani. Anayetaka kupunguza sukari kwa ajili ya afya yake, na ni jambo jema, ajue kwamba anagusa ulaini pamoja na utamu. Afadhali apunguze ukubwa wa bakuli.

Jambo la msingi ni maji. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi, na karibu kila kasoro ya aiskrimu inatokana na maji hayo kuganda kwa chembe kubwa ambazo ulimi unazihisi. Kazi ya mpishi ni kuyapunguza, kuyashika kwa wanga, protini na mafuta, halafu kuyakoroga yanapoganda ili chembe zisipate nafasi ya kukua. Ukilishika hilo, utasoma mapishi yoyote na kuona palipo na shida kabla hujawasha jiko.

Krimu ni ghali na haipatikani kila mji, kwa hiyo naanza na aiskrimu ya maziwa matupu. Pima maziwa lita 1, sukari gramu 150, siagi isiyo na chumvi gramu 40, viini vya mayai 2, wanga wa mahindi gramu 12 (ule unga mweupe laini wa kwenye boksi, si unga wa posho, yaani wa ugali), na chumvi ya mezani gramu 1. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inatosha, na itakusaidia pia kwenye mandazi, keki na mkate.

Maziwa yachaguliwe kwa makini. Yale ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu yana mafuta mengi kuliko ya Friesian, kwa hiyo ukiyapata usiyaache. Ukinunua ya kupima mtaani, angalia kama yametiwa maji. Dondosha tone moja kwenye kioo safi kilichoinamishwa: maziwa mazima huteremka polepole na kuacha mstari mweupe nyuma yake, yaliyotiwa maji hukimbia bila kuacha alama. Mwenye laktomita, kile kifaa cha kupima uzito wa maziwa dhidi ya maji, anajua kwamba maziwa mazima husoma kati ya 1.028 na 1.032. Maji ya muuzaji yatageuka barafu kwenye aiskrimu yako, na hakuna ufundi utakaoyafuta. Maziwa mabichi lazima yachemke, kwa sababu homa ya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupitia humo, na kugandisha hakuui vijidudu hivyo.

Sasa yapunguze. Kabla ya kumimina maziwa, mimina mililita 700 za maji kwenye sufuria utakayotumia, simamisha mwiko wa mti ndani yake na utie alama maji yalipofika. Mwaga maji, weka maziwa, washa moto mdogo. Sufuria iwe pana, kwa sababu maji hutoka kwa mvuke na mvuke unahitaji uso mkubwa. Kwenye gesi inachukua dakika 35 hadi 50. Kwenye sigiri, subiri mkaa uwe umeshika vizuri na majivu yameanza kuufunika. Mkaa mpya unawaka kwa vurugu na utaunguza chini. Tumia mwiko wenye ncha bapa na upitishe sakafuni kwa sufuria kila dakika moja au mbili, pembeni pasisahaulike. Utando unaojitokeza juu urudishe ndani, ni mafuta na protini hizo. Maziwa yakishika moto, usikwangue: yahamishie chombo kingine mara moja. Harufu ya kuungua ikishaenea haitoki, hata kwa vanila.

Maziwa yakifika kwenye alama, epua. Kwenye bakuli piga viini, sukari, wanga na chumvi hadi rangi ipauke. Usiimwage sukari juu ya viini na kuiacha wakati unatafuta kitu kingine, kwa sababu sukari huvuta maji ya kiini na kuacha vidonge vigumu visivyoyeyuka tena. Chota upawa mmoja wa maziwa ya moto, mimina polepole juu ya viini huku unakoroga, ongeza wa pili na wa tatu, ndipo urudishe vyote kwenye sufuria. Ukifanya kinyume, yaani kumwaga viini baridi kwenye maziwa yanayochemka, utapata mayai ya kukaanga yanayoelea. Rudisha motoni, koroga bila kupumzika hadi povu lipasuke polepole katikati, kisha hesabu dakika moja. Dakika hiyo haikwepeki. Wanga usiochemka una ladha ya unga mbichi, na kiini kina kimeng'enya kinachoula wanga na kuurudisha uji kuwa majimaji kikiachwa hai. Usiogope mayai kukatika, wanga unayalinda.

Epua, tia siagi, chuja, halafu piga kwenye blenda dakika moja ikiwa bado moto. Jagi lisizidi nusu, kofia ya juu ilegezwe na kufunikwa kwa kitambaa, maana mvuke hurusha kifuniko na kuunguza uso. Blenda inavunja mafuta kuwa matone madogo yasiyojitenga. Wengine wameuliza kama samli inaweza kushika nafasi ya siagi. Samli ya Ankole ina harufu kali itakayofunika kila kitu, na haina zile protini zinazosaidia mafuta kushikana na maji. Hata hivyo yeyote aliyeona eshabwe ikipigwa, samli na maji ya chumvi ya mawe vikigeuka mchuzi mmoja mweupe, anajua kwamba kuunganisha mafuta na maji si elimu ngeni katika nchi hii.

Kwa mwenye krimu hesabu inabadilika: maziwa mililita 500, krimu mililita 250, sukari gramu 150, viini 4, chumvi kidogo. Hapa hakuna wanga, kwa hiyo yasichemke hata kidogo. Lenga nyuzi 82. Zikipita 85 mayai hukatika. Asiye na kipimajoto achovye mwiko, apitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila kujifunika, epua hapohapo. Ukiona chembe zimeanza, mimina haraka kwenye bakuli baridi, piga kwa blenda na uchuje. Zikiwa chache zinaokoleka. Kipimajoto kina faida nyingine kwetu tunaoishi juu. Kampala iko kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Ndiyo sababu maharage ya Kabale hukaa motoni muda mrefu kuliko ya mtu wa Mombasa mwenye sufuria na mkaa sawa na wako, na dakika za mapishi yaliyoandikwa pwani hazikutoshi.

Kupoza ni hatua ambayo watu huiruka, na kwa maoni yangu hapo ndipo aiskrimu nyingi nzuri hufia. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi yenye barafu, koroga, badilisha maji yakipata joto. Iwe baridi ndani ya saa moja, kwa sababu kati ya nyuzi 60 na 5 vijidudu huzaliana kwa kasi, na maziwa yenye mayai na sukari ni chakula chao. Funika na uweke kwenye friji, si friza, kwa saa 4 hadi usiku mzima. Muda huo mafuta yanaganda vizuri na protini zinakunywa maji. Mchanganyiko uliolala unamiminika mzito kuliko ulivyoingia, na mchanganyiko wa vuguvugu ukiutia frizani unaganda taratibu na kuzaa chembe kubwa.

Kuhusu mashine: mwaka 1843 Mmarekani Nancy Johnson alipata hataza ya chombo cha kugandishia aiskrimu kinachozungushwa kwa mkono, kinachotumia barafu na chumvi. Kanuni yake haijabadilika, na vifaa vyake viko kwenye soko lolote la Uganda. Tafuta chombo cha chuma au alumini chenye kifuniko kinachobana, kiingie kwenye ndoo kubwa na kubakiza nafasi ya kiganja pande zote. Plastiki haifai kwa chombo cha ndani kwa sababu haipitishi baridi upesi. Kwa ndoo ya nje ndiyo bora, kwa sababu hiyohiyo. Barafu kilo 3 ivunjwe vipande vya sentimita 2 hivi, chumvi kubwa kilo 1. Chumvi ya Katwe ni nzuri hapa, na uchafu wake haujalishi kwa sababu haigusi chakula. Panga tabaka la barafu, la chumvi, la barafu, hadi juu. Chumvi inailazimisha barafu iyeyuke, na barafu inapoyeyuka inavuta joto kutoka kwa kilicho karibu, yaani chombo chako. Barafu peke yake haishuki chini ya sifuri inapoyeyuka. Ikichanganywa na chumvi inaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, na kwa ndoo ya nyumbani ukifika 12 au 15 umefaulu.

Jaza chombo theluthi mbili tu, kwa sababu hewa itaingia na kuongeza ujazo. Funga mdomo kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya kifuniko. Zungusha chombo kushoto na kulia bila kukoma. Kila dakika 5 futa kwanza kifuniko na ukingo kwa kitambaa, ndipo ufungue. Tone moja la maji ya chumvi likiingia utalionja kote. Kwangua ukuta wa ndani kwa mwiko na ulete katikati kilichoganda. Ukuta usipokwanguliwa unajijengea gamba la barafu linalozuia baridi isipite, na katikati panabaki uji. Baada ya dakika 25 hadi 35 mwiko utaanza kusimama wenyewe. Hamishia kwenye chombo kingine na upeleke frizani saa 4. Maji ya chumvi yaliyobaki yasimwagwe kwenye bustani, yataua mimea. Yaanike kwenye karai juani na chumvi utaitumia tena.

Mwenye friza na asiye na barafu ya kutosha atumie sufuria pana ya alumini, mchanganyiko usizidi kina cha sentimita 3. Weka friza kwenye baridi ya mwisho tangu jana yake, na siku hiyo usiingize nyama mpya. Baada ya dakika 45 kingo zitakuwa zimeshika. Koroga kwa nguvu, rudisha, kisha kila nusu saa mara nne au tano. Haitakuwa laini kama ya ndoo. Ukitaka kuikaribia, igandishe kabisa, ikate vipande, piga kwenye blenda kidogo kidogo na urudishe upesi.

Umeme ukikatika usifungue friza. Ukirudi, angalia: kama bado kuna barafu ndani na chombo ni baridi mkononi, piga tena kwa blenda na ugandishe. Kama imekaa vuguvugu zaidi ya saa mbili, mwaga. Kuigandisha tena hakuifanyi kuwa salama.

Ladha zina sheria zake. Vanila nzuri ni nyeusi, ina mafuta, unaizungusha kwenye kidole bila kuvunjika. Iliyokauka na kukatika kama kijiti mara nyingi ilivunwa mapema, kabla ya kutimiza ile miezi tisa hivi mtini ambayo harufu inahitaji. Ganda moja linatosha lita moja: lipasue, kwangua mbegu, tia vyote kwenye maziwa ya moto yaliyoepuliwa, funika nusu saa. Ganda lililotumika lioshe, likaushe, lizike kwenye mkebe wa sukari. Arki ya chupa huingia mwishoni, mchanganyiko ukiwa umepoa, la sivyo harufu inaondoka na mvuke.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, ndiyo maana maziwa yenye nanasi bichi hugeuka machungu. Lichemshe dakika 5 hadi 10 kwanza. Pasheni ni kali na itakatisha maziwa ya moto. Chemsha maji yake na sukari hadi yabaki nusu, poza, tia kwenye mchanganyiko uliokwisha poa. Bogoya, ile ndizi mbivu tamu, iwe na madoa meusi, iponde na ndimu ili isigeuke kahawia. Parachichi halipikwi, moto hulitia uchungu. Mafuta yake yanatosha kuchukua nafasi ya siagi yote. Embe lichujwe nyuzi. Kahawa ya Bugisu itwangwe chengachenga, gramu 40, iloweke kwenye maziwa ya moto dakika 20 na ichujwe. Unga laini huacha tope na uchungu. Binyebwa (karanga) vilivyokaangwa na kusagwa bila maji, gramu 100, au odii ya kaskazini, ule uji mzito wa karanga na ufuta, ni ladha ninayoipenda kuliko zote, na ukiitia acha siagi. Sukari guru ni tamu ajabu ila inaweza kukatisha maziwa yanayochemka, kwa hiyo iyeyushe kwa maji kidogo pembeni na uitie baada ya kuepua. Asali hulainisha kuliko sukari: toa gramu 30 za sukari, weka gramu 30 za asali, usizidishe. Waragi, pombe kali ya hapa kwetu, vijiko viwili vya chakula kwa lita ni mwisho, ukiongeza haigandi. Na maziwa ya unga, ambayo wengi huyatia kwa wingi wakidhani wanatajirisha, yakizidi huacha mchanga mdomoni, ni sukari ya maziwa iliyojitenga. Ukipunguza maziwa kama nilivyoeleza, huyahitaji.

Hifadhi kwenye chombo kifupi chenye kifuniko, kaveera safi igusane na uso wa aiskrimu ili hewa isijenge barafu. Iwe mbali na samaki, maana mafuta hunyonya harufu. Iliwe ndani ya wiki mbili. Itoe dakika 10 kabla ya kupakua, na kijiko kichovywe maji ya moto.

Weupe wa mayai uliobaki usitupwe. Unakaa friji siku mbili hadi nne, au miezi kadhaa kwenye kisahani cha barafu, tundu moja kwa yai moja. Kwa rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, weupe mmoja kwa mayai mawili mazima, kabichi na nyanya zikatwe nyembamba na kukamuliwa maji. Yai linashikana vizuri zaidi na chapati hailoi.

Mpishi wa nyumbani,
Jinja